Mwezi Gisabo mbele ya bunduki za ziwani

Leo tunawaletea wasomaji wetu, hususan askari wa jeshi na askari polisi, maisha ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyeitawala Burundi kwa zaidi ya miaka 50 na kuaga dunia mwaka 1908. Jina lake analijua kila mtoto wa shule. Mara nyingi husimuliwa kama shujaa aliyewafukuza wageni, na wimbo ukaishia hapo. Sisi tunaovaa sare yatupasa kuuliza zaidi. Ilikuwaje mfalme ambaye watu wake walishika pinde na mikuki akawarudisha nyuma watu wenye bunduki, kisha, baada ya takriban miaka 20, yeye huyo huyo, katika milima ile ile, akashindwa na watu wenye bunduki? Ushujaa wa Warundi haukuwa umepungua. Kilichobadilika ni bunduki yenyewe. Kwa hiyo maisha ya Mwami huyu tutayasimulia pamoja na silaha zilizomjia, moja baada ya nyingine.

MTOTO KATIKA KITI CHA ENZI

Mwezi Gisabo alikuwa mwana wa Ntare Rugamba, mfalme aliyeipanua Burundi kuliko wote waliomtangulia. Baba yake alipofariki, katikati ya karne ya 19, Gisabo alikuwa angali mdogo. Aliitwa mfalme takriban mwaka 1852, lakini madaraka yalishikwa kwa niaba yake na kaka yake mkubwa, Ndivyariye. Kijana alipokomaa, mlezi hakupenda kuachia alichokizoea. Ugomvi wao ukawa vita, na Ndivyariye akauawa. Tangu hapo wana na wajukuu wa Ntare, waitwao Batare, hawakuacha kumwangalia Mwezi kwa jicho la uadui. Na wazao wake yeye mwenyewe wakaitwa Bezi.

Jambo hili msomaji aliweke akilini, kwa maana ndilo lililomlemea Mwami maisha yake yote. Alitawala akiwa na adui wa nje mlangoni na ndugu wenye kinyongo ndani ya nyumba. Kaskazini na mashariki mwa nchi palikuwa na machifu waliomtii kwa midomo tu. Nguvu yake kubwa ilikuwa katikati, kandokando ya Muramvya, penye ngoma ya kifalme Karyenda, na penye vijana wa vita wa jumba lake walioitwa Badasigana.

Silaha za vijana hao zilikuwa umuheto na icumu, yaani upinde na mkuki. Mpiga upinde hodari hurusha mishale kadhaa kwa muda mfupi, hatoi moshi, hatoi mlio, wala hahitaji kuagiza baruti kutoka pwani. Tusizidharau silaha hizo kabla hatujaona zilipambana na nini.

NJIA YA ZIWANI

Wazee husimulia kwamba mila ilimkataza Mwami huyu kulitazama Ziwa Tanganyika. Aliishi katika baridi ya milima, na ziwa likabaki chini, upande wa magharibi, likiwa mbali na macho yake. Hata hivyo hatari nyingi zilizomjia zilipitia huko.

Chombo kilichong'oa nanga Ujiji na kuelekea kaskazini kikiambaa ukingo wa mashariki kilikuta kwanza ufuko wa Kabonga, ulipo leo mpaka wetu na Tanzania. Kisha kilipita Nyanza-Lac, kikaja Rumonge, nchi ya michikichi, na mwisho kikafika Uzige, ulipo mji wa Bujumbura. Kwa njia hiyo zilipita nguo, shanga, chumvi, mawese, pembe za ndovu na watumwa. Kwa njia hiyo hiyo zilipita bunduki na mapipa ya baruti.

Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walivuka ziwa wakafika Uvira. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walitembelea mwisho wa ziwa upande wa kaskazini na kuuona mdomo wa mto Rusizi. Jiwe la Mugere lina tarehe ya 25 Novemba mwaka huo. Mwaka 1879 wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe walifungua kituo Rumonge. Hawakudumu. Tarehe 4 Mei 1881 watatu miongoni mwao, Deniaud, Augier na D'Hoop, waliuawa hapo Rumonge katika ugomvi na watu wa chifu Bikari, na kituo kikafungwa. Ufuko ulikuwa tayari mahali ambapo neno moja baya huishia katika damu.

Ndipo alipotokea mtu aliyetaka kuumiliki ufuko wote. Jina lake lilikuwa Mohamed bin Khalfan wa ukoo wa Barwani, mzaliwa wa Lindi, aliyeshirikiana na Tippu Tip katika biashara. Watu walimpa jina la Rumaliza, yaani mwenye kumaliza kabisa. Kutoka Ujiji aliweka watu wake Rumonge, Uzige na Uvira. Katika miaka ya 1880 alijaribu kupanda kutoka ziwani ili aingie Burundi ya milimani. Watu wa Mwezi walimzuia. Rumaliza akabaki na vituo vya ufukweni, lakini mlima hakuupata, na biashara ya watumwa haikuweza kuota mizizi ndani ya nchi.

GOBORE NA UDHAIFU WAKE

Hapa inafaa tuichukue mikononi bunduki ya watu wa Rumaliza na kuitazama kwa jicho la askari. Wachache walikuwa na bunduki za kisasa kwa wakati huo. Wengi walikuwa na gobore, na magobore nayo yalikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni gumegume, ambayo jiwe la kiberiti hupiga chuma na cheche zikawasha baruti iliyowekwa wazi juu ya kisahani. Ya pili ni ile ya fataki, ambayo nyundo hupiga kifuko kidogo cha shaba. Mengi yalikuwa yamestaafu katika majeshi ya Ulaya. Kila mara dola za huko zilipopata silaha mpya, zile kuukuu ziliuzwa kwa wachuuzi, nao wakazipeleka Zanzibar. Na mafundi wa Liège, Ubelgiji, walitengeneza nyingine za bei nafuu kwa ajili ya soko la Afrika.

Gobore hujazwa kwa mdomoni. Mpigaji humimina baruti, akashindilia kitambaa na risasi kwa ufito, akatia baruti nyingine au fataki, ndipo alenge. Mtu mzoefu hupata risasi mbili kwa dakika moja, tatu akiwa hodari sana. Ndani ya mtutu hamna mifereji, basi risasi hutoka ikiyumba. Zaidi ya mita 100 kumpata mtu mmoja ni bahati. Mvua ikinyesha, gumegume huwa fimbo. Na kila mlio huacha wingu la moshi linaloonyesha mpigaji amesimama wapi.

Silaha ya namna hiyo hutisha sana uwandani, penye watu wengi waliosimama kwa mkupuo. Lakini mlimani, ndani ya migomba, katika miezi ya mvua, mwenye gobore akishafyatua ana nusu dakika ya kuwa mtu asiye na silaha, na nusu dakika hiyo yamtosha mwenye mkuki aliyejificha hatua 30 kutoka kwake. Nchi ya Mwezi ilikuwa milima mitupu na migomba. Warundi walishinda kwa kuwa silaha yao ilifaa kwa ardhi yao kuliko silaha ya mgeni.

Ama Rumaliza, mwisho wake haukutoka milimani. Kuanzia mwaka 1892 alipigana na Wabelgiji upande wa magharibi wa ziwa na katika Maniema. Mwezi Januari 1894 kombora la mzinga lilipiga boma lake na baruti ikalipuka; jeshi lake likavunjika, naye akakimbilia upande wa Wajerumani.

BUNDUKI INAYOJAZWA NYUMA

Wakati Mwezi akizuia magobore, Ulaya ilikuwa imekwisha kuyaacha. Tangu miaka ya 1860 kila dola ilitafuta bunduki inayojazwa kwa nyuma, yenye risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake ndani ya ganda la shaba, na yenye mifereji ndani ya mtutu ili risasi izunguke na kwenda sawa. Kila nchi ilipata jawabu lake, na majawabu hayo ndiyo tunayoyatumia mpaka leo kuzitambua bunduki hizo.

Snider ya Uingereza, ya mwaka 1866, ilikuwa gobore lililokatwa nyuma na kuwekewa mlango mdogo unaofunguka kwa pembeni, upande wa kulia. Albini ya Ubelgiji, ya mwaka 1867, ilifanana nayo kwa mbali, ila mlango wake huinuka juu na kwenda mbele. Martini-Henry ya mwaka 1871, ya Waingereza pia, haina nyundo ya nje. Chini yake, nyuma ya kifyatuo, pana mkono wa chuma ambao ukisukumwa chini, bunduki hufunguka. Mauser ya Ujerumani, ya mwaka 1871 hiyo hiyo, ina komeo mfano wa komeo la mlango, ambalo mpigaji hulivuta nyuma na kulirudisha mbele. Kipenyo cha risasi yake ni milimita 11. Anayeijua tofauti hiyo, hata gizani akipapasa kwa vidole, humwambia mwenziwe bunduki imetoka nchi gani.

Aina hizo zilianza kuonekana katika ukanda wetu. Albini ilikuwa silaha ya askari wa Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1897 sehemu ya askari hao waliasi, na masalio yao wakazagaa na bunduki zao mpaka bonde la Rusizi, jirani kabisa na nchi ya Mwezi. Mauser ilikuwa silaha ya askari wa Wajerumani, ambao mwaka huo wa 1897 walikuwa tayari wameweka kituo cha kijeshi Usumbura.

Je, Mwami hangeweza kununua silaha hizo? Mwaka 1890 dola kubwa zilikutana Brussels, zikatia sahihi mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu juu ya silaha: kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, bunduki zenye mifereji na zile za kujazwa nyuma zilipigwa marufuku kuuzwa kwa watu wa kawaida. Gumegume lisilo na mifereji liliachwa liuzwe kwa masharti. Burundi yote imo ndani ya mistari hiyo miwili. Hivyo karatasi iliyoandikwa Ulaya iliamua ni bunduki gani Mwafrika ataishika na ni bunduki gani itashikwa dhidi yake. Nia ya kuzuia utumwa ilikuwamo. Na faida ya wenye kutawala ilikuwamo pia.

KIGANDA, MWAKA 1903

Mwezi Gisabo hakukimbilia kupigana na Wajerumani. Alikwepa. Walipomwita Usumbura hakwenda, na walipopanda milima kumtafuta, walikuta jumba tupu au wajumbe wenye maneno matamu. Wakubwa wa Kijerumani waliokuwa pwani, na hasa gavana von Götzen, walitaka Mwami asiguswe, kwa kuwa waliona ni rahisi kutawala kupitia kwake kuliko bila yeye. Lakini mkuu wa Usumbura, kapteni Robert von Beringe, alikuwa na fikira nyingine. Ndiye afisa yule ambaye mwezi Oktoba 1902, katika mlima Sabinyo, alipiga risasi sokwe wakubwa wa milimani waliopewa baadaye jina lake katika vitabu vya sayansi.

Mwaka 1903, kinyume cha amri aliyopewa, von Beringe alipanda dhidi ya Mwezi. Hakuwa peke yake. Pamoja naye walikuwa Maconco, mtu wa jumba la kifalme na mkwe wa Mwami aliyegombana naye, na Kilima, aliyelelewa magharibi ya Rusizi na kudai kuwa yeye ni wa damu ya Ntare. Tazama jinsi ule ugomvi wa tangu enzi ya Ndivyariye ulivyorudi ukiwa na mgeni pembeni.

Safari hii hesabu za zamani zilivunjika. Mauser ya 1871 haikuwa mpya tena. Huko Ulaya ilikuwa imekwisha kupisha bunduki nyingine. Lakini askari mmoja aliweza kupiga risasi kumi hivi kwa dakika, akiwa amelala chini, na kumpata mtu aliye mita 300. Ile nusu dakika ya mwenye mkuki ilikuwa imetoweka. Mvua haikuwa na madhara kwa ganda la shaba. Wakati mshale ukiwa haujafika nusu ya njia, mpiga upinde ameanguka. Moshi tu ndio uliobaki kuwa ule ule.

Majumba ya kifalme yakachomwa, Mwami akawa anahama mlima hadi mlima. Hapo alifanya jambo ambalo wengine huliona kuwa aibu, na sisi twaliona kuwa hekima ya amiri. Hakuwapanga vijana wake uwandani wafe wote kwa siku moja. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alikubali masharti: aitambue himaya ya Ujerumani, alipe faini ya ng'ombe 424, asizuie misafara wala misheni, na awatambue Maconco na Kilima kuwa watawala wa sehemu zao. Yalikuwa masharti machungu. Lakini alibaki hai, na ufalme ukabaki una mwenyewe.

WALIOAZIMA BUNDUKI YA MGENI

Yaliyofuata yanastahili kufikiriwa na kila askari. Gavana alikasirika kwa kuvunjwa kwa amri yake. Von Beringe akaondolewa, na von Grawert akashika mahali pake. Siasa ikageuka: Wajerumani wakaamua kumwimarisha Mwezi badala ya kumdhoofisha. Maconco, aliyedhani kwamba bunduki za Wajerumani zimekuwa zake, aliuawa mwaka 1905. Kilima alikamatwa mwaka 1906 na kupelekwa uhamishoni. Wote wawili walikuwa na nguvu maadamu mwenye bunduki alikuwa anawahitaji. Alipoacha kuwahitaji, hawakuwa na kitu.

Mwami mzee alirudishiwa mamlaka juu ya machifu walioasi, ijapokuwa sasa ilikuwa mamlaka chini ya bendera ya mgeni. Aliishi miaka mitano baada ya Kiganda, na mwezi Agosti 1908 akafariki, akiwa ametawala tangu zama za gumegume mpaka zama za Mauser. Mwanawe Mutaga akachukua ngoma.

Wajerumani nao hawakuepukana na sheria hiyo ya silaha. Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914, askari wao wengi katika Afrika ya Mashariki walikuwa bado na Mauser ile ile ya 1871, ambayo moshi wake uliwafichua mbele ya maadui wenye baruti isiyotoa moshi. Mwezi Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura.

TULICHONACHO LEO MIKONONI

Sisi tuliopitia shule ya makadeti tulifundishwa kufungua bunduki na kuifunga macho yakiwa yamefumbwa. Mafunzo hayo ni mazuri, lakini hayatoshi bila kujua kuisoma. Bunduki ina jina la ukoo wake lililochongwa juu ya chuma. Chukua bunduki ya aina ya Kalashnikov, ambayo kwa mbali zote hufanana. Yenye namba 66 ndani ya pembetatu imetoka katika kiwanda cha China. Mara nyingi chuma cha kulengea cha mbele kimezungushiwa pete kamili, na singe yake hukunjwa chini ya mtutu. Yenye nyota imetoka Tula, katika iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Yenye mshale ndani ya pembetatu imetoka Izhevsk. Yenye namba 10 ndani ya duara imetoka Bulgaria. Bunduki ya FAL iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji, hujitaja yenyewe ubavuni.

Alama hizo, pamoja na nambari ya bunduki, humwambia mpelelezi mengi kuliko mashahidi waoga. Ndiyo sababu Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Burundi ni miongoni mwa nchi zilizoitia sahihi, inataka kila silaha ndogo itiwe alama na kuandikwa katika daftari. Askari anayekamata bunduki katika mtumbwi usiku, pale Kabonga au Rumonge, akaandika katika ripoti yake neno bunduki peke yake, ameandika nusu ya habari. Aandike aina, alama ya kiwanda, mwaka ikiwa upo, na nambari yote, tarakimu kwa tarakimu. Nambari iliyofutwa kwa tupa aiandike pia kwamba imefutwa, kwa sababu aliyeifuta alikuwa na jambo la kuficha. Nambari moja iliyonakiliwa vizuri yaweza kumfichua aliyeuza, na aliyeuza akifichuliwa, silaha kumi nyingine hazitavuka ziwa.

Mwezi Gisabo hakuwa na shule ya makadeti wala kitabu cha silaha. Hata hivyo aliitambua tofauti kati ya bunduki inayoweza kushindwa na bunduki isiyoweza kushindwa kwa mkuki, na kila moja akaikabili kwa njia yake: ya kwanza kwa vita, ya pili kwa subira na mapatano. Maconco na Kilima waliiona bunduki wakaitamani, wasiulize ni ya nani na itageukia wapi. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya mzee afe akiwa Mwami katika nchi yake, na wenziwe wakapotea. Nasi tunaokabidhiwa silaha na taifa, tuanze kwa kuijua.